Namba Sita na Magadi ya Natron: Kisa cha Safari Moja

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "2 37 12 / 36 02 30. Karibuni, maji yasisahaulike." Uliingia kwenye simu yangu saa tatu asubuhi, nikiwa Mto wa Mbu najaza dizeli. Aliyeutuma alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao. Alipomaliza kutuma akashuka kambini, na tangu hapo simu yake haikupatikana mpaka kesho yake. Namba sita, na ukiacha mkwaju mmoja wa katikati, kati yake hakuna alama yoyote, nafasi tupu tu. Usiku ule tulilala juu ya magadi ya Ziwa Natron, gari limekaa tumbo, kilomita kumi na tisa kaskazini ya watu waliokuwa wanatusubiri na chakula chao.

Ni mwaka wangu wa kumi na nne nikiendesha magari ya safari kutoka Arusha. Safari hii haikuwa ya wageni. Ilikuwa katikati ya Aprili, masika, na tulikuwa tunapeleka mahitaji kwenye kambi ya muda ya watafiti upande wa kusini-mashariki ya ziwa, chini ya mlima Gelai: unga, mchele, mitungi miwili ya gesi, madumu nane ya maji ya lita 20. Ndani ya gari tulikuwa watatu, mimi, mpishi wa kambi aliyekuwa anarudi kazini, na kijana wa kusaidia mizigo.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu sihitaji kukikumbuka kwa kubahatisha. Simu ilirekodi safari nzima, nukta moja kila sekunde tano, na faili la GPX, yaani rekodi ya njia tuliyopita, ile tunayoiita treki, ninalo hadi leo. Nimelifungua mara nyingi. Linaonyesha tulipokata kona, tulipopunguza mwendo na tuliposimama kuongea na mtu. Kuhusu mahali tulipokuwa, halikukosea hata mara moja. Uwanda ule hauna mti wala jengo, na simu ilikuwa inaonyesha usahihi wa mita nne, tano. Hii ndiyo sehemu ambayo watu huniuliza na kutoamini jibu. Wanadhani GPS "ilipotea". Haikupotea. Ilijua vizuri sana kwamba tunakwenda ziwani.

Turudi kwenye zile namba. Kijana wa kambi alikuwa na kifaa cha mkononi cha GPS kilichowekwa kuonyesha digrii, dakika na sekunde. Akasoma digrii 2, dakika 37, sekunde 12 kusini; digrii 36, dakika 2, sekunde 30 mashariki. Kuandika alama ya digrii kwenye kibodi ya simu ni kazi, akaziacha. Mimi programu yangu inapokea digrii kwa desimali. Nikaangalia namba zile, nikaona nukta imesahauliwa, nikaiweka mwenyewe: 2.3712, 36.0230. Nikabonyeza.

Ramani ikaruka hadi Turkana, Kenya.

Hapo nikajiona mjanja. Nilijua sababu mara moja: sisi tuko kusini ya ikweta, latitudo inataka alama ya kutoa mbele yake. Nikaandika -2.3712, na nukta ikateremka zaidi ya kilomita mia tano, ikatua Natron. Nikavuta pumzi. Kwa moyo wangu nilikuwa nimekwisha kukagua, kwa sababu nilikuwa nimekamata kosa na kulirekebisha. Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile. Kosa la kilomita mia tano lilijitangaza lenyewe, hata mtoto angeliona. Lililobaki lilikuwa la kilomita 27, na lilikuwa limejificha nyuma ya lile kubwa. Digrii 2 na dakika 37 na sekunde 12 ni sawa na 2.62 kwa desimali, maana digrii moja ina dakika 60, haina mia. Mimi nilikuwa nimeandika 2.37. Tofauti ni robo ya digrii, na robo ya digrii ya latitudo ni kama kilomita 27 ardhini. Kwenye skrini ya simu, ukiwa umekuza ramani kiasi cha kuona Mto wa Mbu na ziwa kwa pamoja, hiyo ni upana wa ukucha.

Niliona pia kwamba nukta imeangukia ndani ya rangi ya bluu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Niliiona bluu nikaipatia maelezo. Natron ni ziwa la kina kifupi, halifiki mita tatu, na ukubwa wake hubadilika kwa majira: kiangazi maji hurudi nyuma na kuacha uwanda mpana wa magadi, mvua zikinyesha hutambaa tena. Kila dereva wa huku anajua kwamba mstari wa ufukwe kwenye ramani ni wa siku moja tu. Kwa hiyo nikajiambia: ramani imechora ziwa likiwa limejaa, hawa watafiti wamepiga hema pakavu. Ujuzi wangu wa kweli ndio niliotumia kuutetea uongo. Dereva mgeni asiyejua lolote kuhusu Natron angeona bluu akasimama kuuliza.

Programu nayo ilifanya kazi yake. Ukiipa nukta isiyo na barabara, haikatai. Inatafuta mstari wa njia ulio karibu zaidi na nukta hiyo, inakupeleka hadi hapo, na kipande kilichobaki inakiachia wewe. Mstari uliokuwa karibu ulikuwa wa vidoti, ukifuata ufukwe wa mashariki kuelekea kaskazini. Sitaji programu ile ni ipi, maana nyingine zote nilizozijaribu baadaye kwa namba zilezile zimefanya jambo hilohilo au linalofanana nalo.

Tukapita Selela, tukapita Engaruka, vumbi la majivu likaanza kuingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Ol Doinyo Lengai ulikuwa mbele yetu, kilele kimefunikwa na wingu. Njia kuu inaendelea chini ya mlima hadi kijiji cha Engare Sero. Sisi tukaiacha tukakata kulia. Mpaka hapa treki haina cha kusimulia, mwendo wa kilomita 35 hadi 45 kwa saa, makorongo mawili tuliyoshuka polepole.

Saa tisa kasoro dakika kumi alasiri faili linaonyesha tumesimama kwa dakika sita. Palikuwa na boma, na mzee wa Kimasai amesimama na fimbo yake kando ya njia. Nikashusha kioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, vijana wangu. Mnakwenda kwa wale wa mahema?"

"Ndiyo, mzee."

Akainua fimbo akaielekeza kulia, chini ya Gelai. "Wako pale. Ng'ombe wangu wanapita kwao kila siku."

Nikaangalia skrini. Skrini ilisema kilomita 31 zimebaki, mbele, kaskazini. Mpishi akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, mzee anasema kule." Nikamjibu kwamba kambi huku ni nyingi. Mzee akaongeza kwamba mbele, kando ya ziwa, magadi bado ni laini, gari zinasubiri hadi mwezi wa saba. Nikamshukuru kwa heshima zote, nikapandisha kioo, nikafuata mstari.

Baadaye nimepima kwenye ramani: kutoka pale tulipozungumza na mzee hadi kambini ni kilomita nne na kidogo.

Kipande kinachofuata cha treki ndicho ninachowaonyesha vijana wanaojifunza udereva kwangu, kwa sababu mwendo unasema kila kitu. Kilomita 38 kwa saa. Kisha 30. Kisha 22, na hapo ndipo ardhi ilipobadilika kutoka majivu ya kijivu kuwa ganda jeupe. Ganda lile linadanganya macho. Ukishuka na kulikanyaga linalia kama sufuria yenye ukoko, gumu kabisa, lakini ni unene wa vidole viwili na chini yake ni tope jeusi lenye harufu ya yai viza. Mtu halivunji. Gari la tani tatu linalivunja. Nilipoona tairi za mbele zinaacha alama nyeusi badala ya nyeupe nilipaswa kusimama palepale na kurudi kinyumenyume kwenye alama zangu mwenyewe. Niliongeza mafuta. Kilomita 17, 11, 6. Faili linaonyesha gari lilisimama saa 13:52.

Hapa kuna jambo dogo ambalo liliwahi kuwachanganya watu siku ya pili. Faili la GPX huandikwa kwa saa za UTC, saa tatu nyuma ya zetu. Skrini ya simu ilionyesha 16:52. Kwa Kiswahili ni saa kumi na dakika 52 jioni. Tukio moja, saa tatu tofauti, zote sahihi. Ukimwambia mtu anayekutafuta kwamba umekwama "saa kumi", hakikisha anajua ni saa kumi ya nani.

Kukwama kwenyewe sitakueleza sana, aliyewahi kuchimba tope anakujua. Difu zote mbili zilikuwa zimezama. Tulipunguza upepo wa tairi, tukaingiza gia za chini, gari likazidi kujichimbia. Jeki ndefu, ile tunayoiita Tanganyika, ilizama kabla haijainua, hadi tulipoiwekea kibao cha chuma chini yake, kisha na kibao kikazama. Winchi ilikuwepo, lakini uwanda ule hauna hata kijiti cha kufungia kamba. Tulifukia tairi la spea kama nanga. Likavutika kutoka ardhini kama jino bovu. Saa moja na nusu usiku nikawaambia wenzangu tuache. Maji tulikuwa nayo mengi, ya watu wengine, na chakula vilevile.

Usiku ule ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimelala juu ya boneti, nikafungua ujumbe tena, nikatazama 2 37 12. Nikajiuliza kwa nini mtu aandike desimali kwa vipande viwili viwili. Na longitudo nayo, 02 30, vipande viwili viwili. Hakuna namba iliyovuka 59. Nikazigeuza kwa kikokotoo cha simu: 37 gawanya kwa 60, jumlisha 12 gawanya kwa 3,600. Nikaiweka nukta mpya. Ikatua chini ya Gelai, mahali hasa ambapo fimbo ya mzee ilielekea. Sikumwamsha mtu. Niliona aibu ambayo hadi leo naijua ladha yake.

Alfajiri, kabla jua halijapanda (joto la pale linaweza kuvuka nyuzi 40), mimi na kijana tuliondoka kwa miguu na lita tatu za maji kila mmoja, mpishi akabaki na gari. Hatukukata njia ya mkato. Tulifuata treki yetu wenyewe kinyume, hatua kwa hatua, kwa sababu hiyo ndiyo ardhi pekee tuliyokuwa na hakika kwamba inabeba uzito. Simu niliiweka kwenye hali ya ndege ili betri idumu. Kipokezi cha GPS cha simu yangu hufanya kazi hivyohivyo. Hili nalisema kwa mkazo maana nimekutana na madereva wengi wanaoamini kwamba bando likiisha na GPS imeisha. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu, wala hailipii. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani, na hiyo ukiipakua ukiwa mjini unasafiri nayo. Bila mtandao simu inaweza kuchelewa dakika kadhaa kujipata mara ya kwanza, basi.

Baada ya kilomita saba, kwenye mwinuko mmoja, niliondoa hali ya ndege na mtandao ukarudi kwa vijiti viwili. Nikatuma kambini pini ya WhatsApp, kisha chini yake nikaandika: "Digrii kwa desimali, WGS84", namba mbili zenye alama ya kutoa mahali pake, na maneno "ufukwe wa mashariki, kaskazini yenu, gari jeupe". Baada ya saa moja na robo walikuwa wametufikia na gari jingine na kamba ya mita thelathini, ambalo waliliacha kwenye majivu magumu. Hawakuuliza swali hata moja njiani.

Kuandika WGS84, yaani mfumo wa vipimo unaotumiwa na GPS, si kujionyesha. Nilijifunza umuhimu wake siku hiyohiyo, mezani kwa watafiti, walipokuwa na ramani za karatasi za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000. Karatasi zile zimepimwa kwa mfumo mwingine, Arc 1960. Ukichukua kodineti, yaani namba za mahali, kwenye karatasi na kuiingiza kwenye simu bila kugeuza mfumo, unahama kama mita 300, karibu zote kwa mhimili wa kaskazini na kusini. Mita 300 mjini utapiga simu mtu akupungie mkono. Kando ya korongo lenye kingo za wima, mita 300 ni ng'ambo. Na kuna mtego mwingine wa pale pale Natron. Wanaotumia gridi ya UTM, inayotaja mahali kwa mita badala ya digrii, wanajua dunia imegawanywa kwa kanda za digrii sita, na mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 unapita kwenye longitudo 36 mashariki, yaani kati ya ziwa lenyewe. Engare Sero iko kanda ya 36, kambi ya Gelai ilikuwa kanda ya 37. Namba za kambi ile ukiziingiza kwa kanda ya 36 zinakupeleka kaskazini mwa Burundi, upande wa Kirundo. Kosa hilo halinitishi, linajionyesha kama lile la Turkana. Yanayonitisha ni ya mita 300 na ya kilomita 27, yale yanayotua mahali unapopatarajia.

Kuhusu ule mstari wa vidoti, nimeutafuta asili yake kwa kadiri nilivyoweza kuona. Ukifungua picha za setilaiti za kiangazi unaziona wazi alama mbili za tairi zikiukata uwanda mweupe. Mtu aliyeuchora hakubuni kitu; gari lilipita pale kweli, pengine Agosti, pengine mara tatu. Kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, njia kama hizo zinaweza kupewa daraja la 1 hadi la 5, la 5 likiwa la udongo laini, na zinaweza kuwekewa alama kwamba hupitika kwa msimu au kwa gari la 4x4 tu. Lakini alama hizo huandikwa na mtu aliyefika. Asipofika mtu, mstari unabaki mstari, na programu inaukadiria mwendo kama njia nyingine yoyote ya vumbi. Madereva wa Arusha tunapita kule kila wiki na simu mifukoni, na maarifa yetu yote yanaishia kwenye hadithi za gereji. Hilo linanisikitisha. Mwezi ule nilijifunza kuhariri ramani, nikaanza na njia ninazozijua kwa tairi zangu.

Kando kidogo tu ya njia ya Engare Sero kuna nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zilizoachwa kwenye tope la majivu maelfu ya miaka iliyopita na kugandishwa hapo. Nimepeleka wageni kuziona mara nyingi. Sikuwahi kufikiria zilivyopatikana mpaka nilipoona alama za buti zangu kwenye magadi, zimezama na kukauka kingo, siku mbili baada ya kukwamuliwa.

Siku hizi nikipewa kodineti napiga simu na kuzisoma kwa sauti, na neno "digrii" au "nukta" nalitamka. Mtumaji akisita, siwashi gari. Nikishaiweka, naikuza ramani hadi mwisho wa safari kabla ya kutazama mwanzo, na namwomba mtu aliyeko kule anieleze kwa maneno: mlima uko mkono gani, korongo la mwisho ni umbali gani. Maneno na nukta vikipishana, naamini maneno kwanza.

Agosti nilipita tena. Magadi yalikuwa magumu kama saruji, na mashimo yetu yalikuwa bado yanaonekana. Nilisimama bomani na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Mzee alikuwa kwenye ng'ombe, nikamsubiri. Alipofika alinitambua kabla sijamwamkia, akauliza kama gari lilitoka salama. Kwenye simu yangu mahali pale pana nukta niliyoihifadhi, na jina nililoliandika ni "Uliza hapa".